Uzito wa Safari ya Kurudi

Mume wangu hakuwa mjinga. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu humcheka yeye kwanza, na anayewachekesha ni mimi. Alikuwa karani, mtoto wa familia ya Kasai iliyoletwa Kolwezi kwa kazi ya migodi, na karatasi yoyote uliyoitaka angeitoa kabatini kabla hujamaliza kuitaja. Abakosti yake, suti ile ya serikali isiyo na tai, ilipigwa pasi hata siku za Salongo, tulipotoka sote kufyeka majani kando ya barabara. Lakini gari alilijua kwa usukani na honi tu. Vilivyokuwa chini yake alimwachia Mungu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, rangi ya chai ya maziwa, na umri wake uliipita ndoa yetu. Mwanzo wa kiangazi kile lilianza kugonga upande wa mbele. Ukipita kwenye shimo, ko! Ukikanyaga breki, ko! Mimi nilikuwa nesi katika nyumba ya uzazi, kazi yangu kutwa nzima ilikuwa kusikiliza vitu vilivyojificha, nikamwambia mume wangu kuna kitu kimelegea. Akaongeza sauti ya redio.

Basi siku moja, tukiwa mezani, baba yangu akasema, "Minataka kwenda Musumba. Kuona dada yangu. Mbele ya mvula."

Baba alizaliwa kule Musumba, kwa Walunda, akatoka kijana kuja kutafuta kazi ya mgodi, na maisha yake yote aliyamaliza kwenye karakana, akisimama mbele ya mashine ya kuchongea vyuma. Alipostaafu nyumba ya kampuni ilirudi kwa kampuni, na kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kufa, alihamia kwetu, chumba kinachotazama uani. Hakuwa mtu wa maneno. Chuma kilikuwa kimempigia kelele miaka mingi, nadhani akaona yatosha.

Nikamwuliza, "Na utarudia lini, tata?"

Alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. "Tuone kwanza ile gari yenu, kama itafika."

Nikaridhika. Nilikuwa nimebaki na mzazi mmoja tu duniani, watoto wangu walikuwa wanamfuata kama vifaranga, na mimi kichwani mwangu nilishampangia: ataenda Juni, atakula mihogo ya dada yake, na mvua ya kwanza itamkuta hapa Kolwezi kwenye kiti chake. Hata sikumwuliza mara ya pili.

Njia ya Musumba si ya kuendea mchezo, na watoto tulipanga kuwaacha kwa majirani. Unapita Kasaji, unapanda Sandoa, kisha unaingia Kapanga, na katikati kuna mchanga, na kuna mashimo ambayo mtu na baiskeli yake wanaweza kuzama usione hata kofia. Mume wangu aliposikia kwamba baba mkwe atapanda gari lake siku tatu nzima, aliingiwa na hofu. Kwa hofu hiyo ndiyo akafanya kosa ambalo, naapa, lingeweza kufanywa na watu wa Kolwezi tu.

Sisi tuliamini kwamba kitu cha mgodi hakifi. Vifuniko vya masufuria yetu vilikuwa bati la mgodi, bawaba za milango yetu zilikuwa za mgodi, na ule mkanda mnene wa mpira uliobeba mawe ya mgodi wa Mashamba, ukichakaa, ulikuwa viatu, ulikuwa viti, ulikuwa kamba za vitanda. Sasa, gurudumu la mbele la gari limeshikwa na mikono ya chuma, na pale mkono unapoungana na mwili wa gari pana kipande cha mpira kilichobanwa kati ya pete mbili. Mafundi wetu wanakiita silembloki. Vya kwetu vilikuwa vimeoza. Rafiki wa ofisini akamwambia mume wangu: za nini za dukani, wakati mkanda wa mgodi upo? Akamkatia vipande vya duara, vigumu kama kwato, tena bure. Rahisi huvunja upishi, lakini nani alikumbuka?

Gari likaacha kugonga. Badala yake likaanza kututetemesha mpaka meno yakagongana. Mume wangu akasema ndiyo dalili ya uimara. Wiki ya pili, tukitoka kanisani, mkono wa chini wa kulia ulipasuka, gari likapiga goti mbele ya waumini wote, na mchungaji akatuombea pale pale barabarani.

Baba alikuja kwa miguu kutazama. Aliinama, akachomoa kipande cha mkanda kwa vidole viwili, akamwonyesha mume wangu tabaka za kitambaa zilizoanza kuachana ndani yake.

"Citoyen," akasema, yaani mwananchi, maana hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe akitaka kumtania, "hii inajua kubeba majiwe. Haijue kucheza. Mupira ya gari kazi yake ni kujipinda na kurudia, kujipinda na kurudia. Yenye haijipinde, inavunja mwenzake."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake. Alisema tunabadilisha mikono yote miwili ya chini, wa kulia uliovunjika na wa kushoto uliobaki mzima, kwa kuwa hakuna anayevaa kiatu kipya mguu mmoja. Mume wangu, akitaka kufuta aibu, alitoka mbio akarudi na mikono miwili mipya kutoka duka moja la mjini, myeusi, inang'aa, utadhani imepakwa mafuta ya nazi. Aliishika kifuani kama mtu aliyebeba mapacha.

Baba hakuisifu wala hakuikataa. Alichukua waya, akautundika mmoja kwenye kamba yangu ya nguo, akaomba kijiko, akaugonga. Ukasema *du*. Akautundika ule wa zamani wa kushoto, wenye kutu na matope, akaugonga. Uliimba mpaka kuku wakainua vichwa. Kisha akachukua kisu, akakwangua rangi nzuri ya ule mpya. Chini yake palikuwa na kovu la kuunganishwa kwa moto, refu kama kidole. Ulikuwa mkono uliovunjika kwenye gari la mtu mwingine, ukashonwa, ukavishwa nguo ya sikukuu.

"Rudisha," alisema. "Bila kugombana. Labda naye alidanganywa."

Mume wangu alirudisha bila kugombana. Ningekuwa mimi, mji mzima ungenisikia.

Siku iliyofuata nilimsindikiza baba sokoni. Alikuwa amesikia habari za mama mmoja mjane, muuza chumvi na samaki wakavu, ambaye mumewe alikuwa dereva wa gari kama letu. Vitu vya marehemu alikuwa navyo bado, chini ya meza, vimefungwa kwenye gunia. Baba alikaa kwenye kigogo mbele yake, na asubuhi yote ikaishia hapo. Sijawahi kuona mtu akichagua kitu kwa adabu kama ile. Alikuwa na vitu vinne tu: kijiko changu, chupa ndogo ya mafuta ya taa, kipande cha kioo cha dirisha, na pemba.

Pemba ni ule udongo mweupe ambao wazee humpaka mtoto wanapombariki, na wajawazito wetu hupenda kuutafuna. Mimi kazini nilikuwa nawanyang'anya na kuwagombeza, na mfuko wa koti langu la kazi haukukosa vipande viwili vitatu. Baba alikuwa ameniomba kimoja bila kueleza. Sasa niliona sababu. Gunia lilikuwa na mikono minne. Kila mmoja aliugonga kwanza kwa kijiko, akainamisha sikio. Akaulaza juu ya kioo kuona kama unayumba, maana uliopinda hauwezi kulala sawa. Kisha akaupaka mafuta ya taa, akasubiri, akaufuta mpaka ukauka kabisa, ndipo akausugua pemba mwili mzima hadi ukawa mweupe kama mtoto aliyebarikiwa. Tukakaa kuutazama.

Mama wa chumvi uvumilivu ulimwishia. "Tata, unachagua chuma ao unachagua bibi?"

"Bibi nilichagua mbio kupita hii," baba akajibu. "Nilikuwa na bahati."

Wote waliokuwa karibu walicheka, na mama yule zaidi ya wote. Lakini baba hakuwa ameondoa macho. Kwenye mkono wa pili, juu ya weupe, kulijitokeza mstari mwembamba wa mafuta, kama unywele. Ufa. Jicho lisingeuona hata mchana wa jua kali, lakini mafuta yalikuwa yameingia ndani yake kujificha, na udongo ukayanyonya nje. Akauweka mkono ule kando taratibu. Wa kulia mmoja na wa kushoto mmoja ilibaki myeupe bila doa. Mimi niliyesomea kazi ya kutafuta hatari kabla haijaua mtu, nilimtazama baba yangu asiyemaliza shule nikaona fahari mpaka machozi yakanilenga. Pemba ile ile niliyokuwa naitupa!

Mipira ilikuwa kwenye mkebe wa maziwa, imezikwa ndani ya unga wa mahindi, mbali na jua. Baba aliibonyeza kwa ukucha, akatazama kama alama inarudi. Akaikunja, akatafuta nyufa ndogo. Akainusa. Halafu akamtazama mama yule kwa namna nyingine.

"Bwana yako alikuwa mutu ya akili."

Mama hakucheka tena. Alipangusa mkebe kwa kitenge chake. "Alizichunga ju ya safari ya mbali. Weye unaenda wapi nazo?"

"Musumba."

"Na nani atarudia na gari?"

"Batoto," baba akasema.

Nilisikia. Niseme nini, nilisikia vizuri kabisa, na nikajifanya kwamba ni maneno tu ya wazee, maana dereva alikuwa mume wangu, basi gari litarudishwa na watoto, si ndiyo? Wiki ile ile baba alikuwa amekwenda makaburini akasafisha kaburi la mama, akalipaka chokaa, akapanda ua. Hilo pia niliona nikasema ni vizuri, kaburi lilihitaji kusafishwa. Mtu asiyetaka kuelewa ana akili nyingi.

Kazi ya kufunga aliifanya Jumamosi, uani kwetu. Hapo mume wangu alipata taabu yake ya pekee. Kwao mkwe ni mtu wa heshima, haonwi ovyo. Na huyu mkwe alikuwa amelala chini ya gari, suruali imepanda, miguu mikavu iko nje hadi magoti. Mume wangu alimpelekea funguo za kukazia akitembea kinyumenyume. Mwishowe alileta mkeka akafunika ile miguu. Mguu mmoja ukautupa mkeka pembeni. Akafunika tena. Ukatupa tena. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Baba alifunga mikono yote miwili, akarudisha magurudumu, lakini bulo, bolti zile kubwa zinazopita katikati ya mipira, hakuzikaza. Alizishika kwa vidole tu. Akateremsha kriki, yaani jeki, gari likakaa chini kwa miguu yake, akalisukuma mbele na nyuma mpaka likatulia. Kisha akatueleza, na alieleza kwa maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia, maana kitu hiki alikipenda. Mafundi wengi wanakaza bulo gurudumu likiwa linaning'inia hewani. Mpira ukishakazwa, hapo ndipo unapopajua kuwa nyumbani kwake. Ukiukaza gari likiwa juu, siku zote likiwa chini mpira utakuwa umejipinda, sawa na mtu aliyelala shingo upande, na hautachukua muda utachanika. Inafaa ukazwe gari likiwa limebeba uzito litakaoishi nao.

"Donc ingieni ndani," alisema. "Weye na bwana yako. Mbele."

Tukaingia. Akafungua buti, akaweka gunia la mchanga alilokuwa amelijaza mwenyewe na kulipima kwa kuliinua mara mbili tatu.

"Ile ni nini, tata?" nikamwuliza.

"Mihogo ya shangazi yako. Hatabaacha murudie mikono mitupu."

Nikacheka. Kisha nikageuka, nikaona kiti cha nyuma. Kilikuwa kitupu.

"Na weye utakaa wapi?"

"Mi niko chini ya gari. Minakaza."

"Hapana leo. Siku ya kurudia. Weye utakaa wapi?"

Alikuwa ameinama kwenye dirisha langu, ameshika funguo, na uso wake ulikuwa wa upole kiasi kwamba nilitamani anipige. Mume wangu aliushika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele, na gari halikuwa hata limewashwa.

Mimi nina hasira za karibu, kila aliyefanya kazi nami anajua. Nilitoka, nikaufunga mlango kwa nguvu zote, nikaingia jikoni, nikaliburuta gunia la unga wa mahindi likichora mstari uani, nikalisukuma mpaka kwenye kiti cha nyuma, nikalikalisha wima. Nilikuwa nahema.

"Huyu ni weye," nikamwambia. "Sasa kaza."

Baba alilitazama lile gunia. Akapangusa mikono kwa kitambaa, akaenda upande wa pili, akalikumbatia, akaanza kulitoa. Mume wangu aliruka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. Mzee wa umri ule alilibeba peke yake hadi jikoni, akarudi, akasimama mpaka pumzi imrudie.

"Mupira haidanganyike, mutoto yangu. Ukiikaza ku uzito ya mutu mwenye haiko, itapasuka njiani. Na mi sitakuwa pale ya kuitengeneza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kwenda, sisi batatu, ni mara moya tu. Itavumilia. Kurudia ndjo maisha yake."

Nilirudi kwenye kiti changu. Nililia, sitaficha, kwa hasira kwanza na halafu kwa kitu kingine. Baba alilala tena chini ya gari, na safari hii hakuna aliyemfunika miguu. Kila alipovuta ule ufunguo niliusikia mvuto wake kwenye nyayo zangu, kupitia sakafu. Alikaza wa kulia, akakaza wa kushoto, akarudia wa kulia. Mume wangu alinishika mkono na hatukuthubutu kusogea, tusije tukabadilisha uzito.

Tuliondoka wiki iliyofuata. Baba alikaa nyuma na sanduku lake, akisikiliza gari kama mimi ninavyosikiliza tumbo la mzazi. Kasaji tulinunua ndizi kwa wanawake wenye baiskeli. Baada ya Sandoa mchanga ulitushika mara mbili, tukasukuma. Magurudumu yalizama na kuinuka mashimoni, na mbele ya gari palikaa kimya. Mume wangu alithubutu kusema, "Tata, iko inaimba muzuri." Baba akasema, "Haiimbe. Ndjo muzuri yake."

Musumba dada yake alitoka nyumbani akijikongoja kwa fimbo, akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Nilimwona baba yangu akicheka kama kijana. Alikuwa na ndugu wa kula nao, alikuwa na lugha yake mdomoni toka asubuhi hadi jioni, na chumba walikuwa wameshampakia udongo mpya. Ningekuwa mwongo nikisema hakupata furaha. Nilikaa siku nne nikitafuta kosa lolote kwenye furaha ile, sikulipata.

Siku ya kuondoka shangazi alituletea gunia la mihogo mikavu. Vijana wawili walilitia ndani ya buti, na gari likashuka kidogo, likasimama. Baba hakulitazama gunia. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la kulia, akaweka kiganja kati ya tairi na bodi kupima nafasi, akaenda la kushoto, akapima. Akatikisa kichwa kukubali. Shangazi akaongeza kuku, miguu imefungwa, nikasema, "Huyu haukumuhesabu, tata."

"Kuku haiko na uzito," akasema. "Enda, mama." Aliniita mama, kama watu wetu wanavyowaita mabinti zao wanapowapenda sana.

Mume wangu aliendesha taratibu. Mimi nilizima redio, nikafungua dirisha, nikatoa kichwa nje kidogo upande wa gurudumu la kulia. Kila shimo nilisubiri. Nilitaka ko moja tu, hata ndogo, nipate kusema simama, kuna kitu kimelegea, turudi akitazame. Nilisikiliza hivyo hadi Sandoa, na kutoka Sandoa hadi Kasaji, na gari lilinyamaza njia nzima.